Nani Kapunguza Taa?

Umeme ukikatika saa mbili usiku hapa Tunduma, mji mzima hupiga ukelele mmoja. Mama lishe wa kwenye foleni ya malori anapiga, watoto wanapiga, kinyozi aliyefika nusu ya kichwa cha mteja anapiga, hata mlevi aliyekuwa amelala anaamka kuuliza kulikoni. Lakini ndugu msomaji, jua likizama nani anapiga kelele? Hakuna. Kila jioni tunanyang'anywa mwanga mwingi kuliko wa taa zote za mpakani zikijumlishwa, na sisi tunaendelea kubadilisha kwacha, kukaanga chipsi na kupakia magunia, mpaka mmoja wetu anainua uso na kusema, "Hee, giza limeshaingia!" Giza ni lile lile. Kilichotofautiana ni mwendo tu.

Basi swali langu ni hili: mtu anayeondoa kitu polepole makusudi, ili mwenye nacho asishtuke, tumwite nani? Fundi, au mwizi mwenye subira? Sikulitoa swali hili vitabuni. Limenitoka mikononi, kwa sababu kazi yangu mimi ni kupunguza taa.

Nieleze kidogo. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa yale ya kutosha kusoma barua lakini si ya kutosha kuandikiwa. Siku za kazi nasaidia duka la vipuri barabara kuu ile iendayo Zambia. Usiku naandika riwaya kwenye kaunta buku. Jumamosi na Jumapili nashika meza ya taa ya bwana mmoja anayekodisha vyombo: spika, jukwaa la vyuma, jenereta, na taa za rangi. Wenzetu wa Bagamoyo wana chuo, kile kilichoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa na tangu 2007 kinaitwa TaSUBa, ambako ufundi wa jukwaa ni somo la darasani. Sisi huku Songwe, mkoa wenyewe umezaliwa 2016, jukwaa letu ni ukumbi wa harusi, mkutano wa injili, na siku mojamoja msanii wa kutoka Dar. Somo tunalipata kwa kufokewa. "Dogo, siyo hivyo!" Ukisikia mara kumi, umehitimu.

Meza ya taa ina vidude vya kusukuma juu na chini. Mafundi tunaviita feda, na utani wetu wa kila siku ni kwamba feda tunazo nyingi, fedha ndiyo hatuna. Meza huongea na taa kwa lugha inayoitwa DMX512, iliyotungwa na mafundi wa maonyesho wa Marekani mwaka 1986. Waya mmoja hubeba chaneli 512, na kila chaneli ina ngazi 256, yaani kuanzia 0, giza kabisa, hadi 255, mwanga wote. Nilipoanza nilidhani kazi ni rahisi: ukisukuma nusu unapata nusu. Nikasukuma nusu. Ukumbi ukawaka karibu wote! Nusu iliyobaki nikasukuma hadi mwisho, na macho yangu hayakuona nyongeza ya maana. Wakati wa kushusha ikawa kinyume chake: mwanga haukubadilika, haukubadilika, halafu ghafla pwaa, umedondoka gizani kama mtu aliyekanyaga hewa.

Bosi wangu akaja, akafungua ukurasa mmoja kwenye kioo cha meza, akanionyesha mchoro. Chini kuna umbali wa feda, pembeni kuna mwanga unaotoka, katikati kuna mstari unaoviunganisha. Mstari wangu ulikuwa umenyooka kama reli ya TAZARA. Yeye akaushika kwa kidole akauvuta katikati uzame, ukawa kama kamba ya kuanikia nguo. Sasa feda ikifika nusu, taa inatoa robo tu ya nguvu zake; ikifika robo, inatoa kama sita kwa mia. Hesabu ni kuzidisha namba kwa yenyewe, ile ya darasani ya kipeo cha pili. Tukajaribu tena. Jamani! Mwanga ukapanda sawasawa, kidogo kidogo, bila kuruka. Ipo mikunjo mingine pia. Upo unaoanza taratibu, ukakimbia katikati, ukatulia mwishoni, kama basi linalotoka kituo kimoja kuingia kingine. Taa za zamani zenye uzi ndani zilijisaidia zenyewe, maana uzi huchukua muda kupata moto na muda kupoa, kwa hiyo zilificha ukorofi wa mkono wa fundi. Taa za LED hazina huruma hiyo. Unachoagiza ndicho unachopata, hapo hapo, na makosa yako yote yanaonekana.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu jicho halipimi mwanga, jicho linalinganisha. Washa koroboi moja katika chumba chenye giza, umebadilisha dunia. Washa koroboi moja zaidi palipo na mia, hakuna atakayegeuza shingo. Mjerumani mmoja, Gustav Fechner, alilitolea kitabu jambo hili mwaka 1860, akisema kwamba hisia zetu hazikui kwa hatua sawa na kinachoziamsha. Kadiri ulivyo nacho kingi, ndivyo unavyohitaji kuongezewa kingi ili uone kimeongezeka. Mama yangu hajamsoma Fechner, ila anajua kwamba shilingi mia tano kwa mwenye elfu moja na shilingi mia tano kwa mwenye milioni si pesa moja.

Hapa ndipo kichwa changu kilipoanza kuwaka. Angalia vizuri: ili mwanga uonekane umepanda moja kwa moja, ilibidi mstari upindwe. Nilipouacha umenyooka, watu waliona upotovu. Nilipoupinda, wakaona unyofu. Sasa ukweli ulikuwa upi? Ule wa kipimo, au ule wa jicho? Nimelizungusha swali hili siku nyingi na nimeridhika na jibu moja: hakuna mwanga usio na mkunjo. Hata yule fundi anayesema "mimi sihariri kitu, naacha kama kilivyo" amechagua mstari ulionyooka, na mstari ulionyooka kwa jicho la binadamu nao ni mkunjo, tena mbaya. Kwa hiyo wale wanaodai kwamba uaminifu maana yake ni kutogusa chochote, wamejidanganya mapema. Mkono uko pale pale. Haiwezekani kuuliza kama tuguse au tusiguse; lililobaki ni kuuliza tunagusa kwa ajili ya nani.

Nalo si swali dogo. Sisi Waswahili tumelelewa kuusifu mwendo wa polepole. Haraka haraka haina baraka; haba na haba hujaza kibaba. Sawa. Ila wahenga hao hao walituachia na upande wa pili wa shilingi: bandu bandu huisha gogo, chovya chovya humaliza buyu la asali. Polepole ile ile inayojaza kibaba ndiyo inayomaliza buyu. Muulize mkulima wa mahindi wa Mbozi au Momba kuhusu lumbesa. Gunia lilikuwa gunia. Kisha likaongezwa kishungi kidogo, "ili lisilegee". Kisha kishungi kikapata shingo, shingo ikapata kichwa, na leo ukiliona begani kwa mpakizi utadhani kabeba mtu. Muulize mkulima ni siku gani aliibiwa. Hana siku hiyo. Hata sheria inayokataza imekuwa ikifika gunia likiwa limeshafungwa. Wayunani walikuwa na fumbo linalofanana na hilo, linahusishwa na Eubulides wa Mileto, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita: punje moja si lundo, ongeza moja, bado si lundo, ongeza nyingine, sasa lundo lilianza na punje ipi? Wao walilitumia kuchekeshana na kubishana. Hapa kwetu watu wanalitumia kununulia mazao.

Sasa nije kwenye lililonikuta. Kamati ya mkutano mmoja wa injili ilikodi vyombo kwa bosi wangu kwa siku nne. Sitaitaja, maana si yenyewe tu. Wakanipa maelekezo: mahubiri yakikaribia mwisho, taa nyeupe zishuke kwa dakika nne nzima, asionekane mtu akishtuka, zibaki kama theluthi, rangi ya bluu ipande nyuma ya kinanda, halafu, katika kiza hicho hicho, vikapu vya sadaka vipite. Nikauliza kwa nini vikapu visingoje taa ziwake. Mwenyekiti wa kamati akacheka kidogo, "Kijana, watu wakiona mwanga wanaanza kuhesabu."

Nikasema maombi nitayafifishia kadiri wanavyotaka, hata dakika kumi, na nitaukunja mstari vizuri mpaka wasikie malaika wakipita. Ila vikapu vikitoka, taa zote zinawaka. Akaniambia nimeletwa kusukuma, sikuletwa kufikiri. Wakamtafuta mwingine. Bosi naye hakunifukuza, lakini tangu siku hiyo wikiendi tatu zimepita sijaitwa, na kwa mtu anayelipwa shilingi 20,000 kwa usiku, wikiendi tatu ni kodi ya chumba.

Ningeishia hapo ningejiona shujaa. Shangazi yangu ndiye aliyenivua ushujaa. Yeye huhudhuria mikutano hiyo, na alikuwepo siku zote nne. Nilipomweleza kwa nini hakuniona mezani, alitulia, halafu akasema, "Mwanangu, kwani mimi sijui kama taa zinapunguzwa? Nina macho. Mimi nakwenda pale nikalie. Nyumbani kuna wajukuu, sokoni kuna wateja, barabarani kuna malori. Mahali pekee ninapoweza kulia bila mtu kuniuliza una nini ni pale taa zikishuka. Na huyo mwenzako mliyemwacha, taa zake zilikuwa zinaruka kama zimepandwa na mashetani. Machozi yamekaribia, pwaa, yamerudi."

Nikanyamaza. Yule fundi mwingine, bila shaka, aliuacha mstari umenyooka. Na mimi, kwa kulinda haki ya shangazi, nilikuwa nimemnyima machozi yake.

Maneno yake yaliniondolea hoja mbili nilizokuwa nazo. Ya kwanza ilikuwa kwamba kupunguza mwanga bila watu kujua ni ulaghai. Kumbe watu wanajua. Ya pili ilikuwa kwamba watazamaji ni wa kulindwa, kama watoto. Kumbe wengine wamekuja kwa hiari kutafuta hilo hilo giza, na wana sababu zao za kikubwa. Ikabidi nitafute tena kosa liko wapi, kama lipo.

Nikatazama nyuma, kwa wakubwa wa kazi hii. Zamani kumbi nyingi za Ulaya ziliacha taa za upande wa watazamaji ziendelee kuwaka, watu wakatazamana wao kwa wao. Mwaka 1876 Richard Wagner, katika jumba lake la Bayreuth kule Ujerumani, akauweka ukumbi gizani ili macho yote yaende jukwaani, na dunia ikamfuata. Baadaye akaja Mjerumani mwenzake, Bertolt Brecht, akataka kinyume: mwanga mweupe mkali, na taa zenyewe zionekane, ili mtazamaji asisahau hata mara moja kwamba haya ni maonyesho na kwamba anaweza kubishana nayo. Huku kwetu Afrika Mashariki, mwaka 1977, wanakijiji wa Kamiriithu, Limuru, walijenga jukwaa la wazi wakaigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yenyewe yalifanywa hadharani. Mpita njia alisimama, akatazama, akakosoa. Serikali ilizuia mchezo huo mwaka ule ule, na mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Hakuna kilichofichwa pale, na bado watu waliguswa mpaka wenye nguvu wakaogopa. Kwa hiyo si kweli kwamba bila kificho hakuna kuguswa.

Hapo nikapata kipimo changu. Mtajie mtu kitu unachomfanyia, kisha uone kama kitaendelea kufanya kazi. Shangazi anajua taa zinashushwa, na bado analia. Machozi yale ni yake. Lakini panda jukwaani useme, "Ndugu zangu, sasa tunapunguza taa ili msihesabu pesa zenu," halafu pitisha kikapu. Kitarudi chepesi. Kitu kinachokufa kikitajwa kilikuwa hila tangu mwanzo. Utaniambia, na kiini macho je? Mbona mwenye kiini macho hatuambii siri yake na hatumwiti tapeli? Ni kweli, haelezi namna anavyofanya, lakini ametangaza kwamba anafanya. Tumelipa tukijua kuna mkono nyuma ya kitambaa. Mimi simdai fundi wa taa asimame aeleze mikunjo yake. Namdai asijifanye hayupo pale mtu anapotakiwa kuamua. Kulia si kuamua. Kutoa, kununua, kupiga kura, kutia saini, kukubali posa: huko ni kuamua, na mtu anayeamua ana haki ya kuona mikono yake mwenyewe.

Bosi wangu hakubali. Yeye husema, "Dogo, ile sadaka inajenga zahanati. Wewe unagombana na zahanati?" Hoja hiyo ni nzito na siitupi. Zahanati ni zahanati. Lakini nakumbuka tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ya mwaka 1969, kuhusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Pale tunamwona mtu aliyewapa watu neno la kuwaunganisha, na lengo lilikuwa zuri kuliko zahanati yoyote: kumwondoa Mjerumani. Lakini neno likakua, likawa kubwa kuliko mwenyewe, na alipotaka kulishika mkono hakuweza tena. Wema wa lengo haukulipunguzia neno kasi. Ndivyo ninavyoogopa giza la polepole. Leo linajenga zahanati. Mkono uliozoea kulitumia kesho utajenga nini, na nani atakayekuwa amebaki na mwanga wa kuuliza?

Sasa nigeuke kwa wenzangu wa kalamu, kwa sababu tusijidhanie tuko salama. Riwaya yangu inamhusu kijana mbadilisha fedha wa pale mpakani, upande wetu na upande wa Nakonde. Mwanzoni ni mtu mwema. Mwishoni anamuuza rafiki yake. Katikati ni kurasa mia mbili, na kazi yangu ni kumshusha mwema huyo kwa namna ambayo msomaji atamfuata, atamsamehe hili na lile, mpaka akutane na giza akiwa bado anampenda. Hiyo si feda? Hiyo si mstari uliopindwa kwa kidole? Nikimshusha kwa mstari ulionyooka, sura moja dhambi moja, msomaji ataona vidato na atafunga kitabu. Lazima niukunje. Tena mimi siombi ruhusa, wala siwashi taa kabla ya sura ya mwisho.

Nimejipima kwa kipimo changu na nadhani nimepona, ila kwa sharti. Kitabu kina kitu ambacho taa haina: kinarudiwa. Mwanga wa jana usiku umekwenda, hakuna atakayeuonyesha ulianza kushuka dakika ipi. Lakini msomaji aliyeshtuka ukurasa wa mia mbili anaweza kurudi ukurasa wa kumi na mbili, mchana kweupe, akaiona ile noti ya kwanza aliyoificha yule kijana, na akaniuliza au akajiuliza, "Hapa nilipita vipi nisione?" Sharti ni kwamba noti iwepo. Mwandishi anayemshusha mtu polepole na kila hatua ipo palepale kwenye karatasi, amemfundisha msomaji namna giza linavyoingia. Mwandishi anayefuta hatua, kisha mwishoni akadai "mambo hubadilika", amefanya lumbesa. Kwa hiyo mimi sasa nikimaliza sura naisoma kinyumenyume, kutoka ubaya kurudi kwenye wema, na kila mahali ninapokosa ngazi najua nimemwibia mtu.

Najua sijamaliza hoja. Shangazi angeniuliza: na yule anayekuja mkutanoni mara ya kwanza, asiyejua kama kuna mtu mezani, yeye anatangaziwa na nani? Sina jibu la kunitosheleza, zaidi ya kusema kwamba ndiyo maana taa ziwake kabla ya kikapu, kwa ajili yake huyo mmoja. Na kamati ingeniuliza: kama mnaotaka mwanga mnakosa wikiendi tatu, na wasiotaka wanalipwa, meza itabaki mikononi mwa nani? Hilo nalo ni la kweli, na kodi ya chumba inalijua.

Usilolijua ni usiku wa kiza, walisema wazee. Mimi nimeanza kuuogopa zaidi usiku ambao mtu ameuingiza taratibu, akijua. Mwenzangu unayesoma hapa, uwe unaandika, unaimba, unahubiri au unauza, unalo feda lako mkononi. Ukilishusha, je, ukitajwa jina utaendelea? Anayeona nimepinda mstari mahali fulani aandike. Kurasa zipo, nami nasubiri.